Mtoto mmoja, rejista nne

Niliripoti wilayani 2016 kama mratibu wa MTUHA, mfumo wa taarifa za afya ambao kila zahanati nchini inaujua kwa vitabu vyake vikubwa visivyoingia droo yoyote. Wiki ya pili nilipanda pikipiki mpaka zahanati moja ya mbali, siku ya kliniki ya watoto. Nesi alikuwa peke yake, kijijini wanamwita Mama Chanjo, na foleni ilikuwa imefika mwembeni. Mezani kwake palikuwa na kitabu cha MTUHA, rejista ya mradi wa lishe, rejista ya mradi wa VVU wa mama na mtoto, fomu ya mradi wa chanjo yenye kurasa mbili, na simu ya shirika la nne iliyokuwa imezima chaji tangu Jumanne.

Akaletwa mtoto wa miezi 9. Akapimwa uzito, akachomwa sindano ya surua, akadondoshewa vitamini A. Nilitazama saa: huduma dakika 4, kuandika dakika 11.

"Hawa wote nawapenda, mwanangu," Mama Chanjo aliniambia bila kuinua kichwa. "Ila mtoto ni mmoja."

Mwisho wa robo mwaka mtoto huyo angeingia kwenye ripoti nne, na kila shirika lingemwandikia mfadhili wake kwamba limemfikia yeye.

Wakubwa walishalizungumza jambo hili kabla sijaanza kazi. Azimio la Paris la 2005 liliwataka wafadhili watumie mifumo ya nchi wanayoisaidia badala ya kuja kila mmoja na wake. Sisi wenyewe tukawa na MPAMITA, Mkakati wa Pamoja wa Misaada Tanzania, mwaka uliofuata. Halafu 2011 OECD, shirika la nchi tajiri, ikapima: katika malengo 13 yaliyopaswa kufikiwa kufika 2010, limefikiwa moja tu. Mimi, kwa ujana, niliamini barua yangu itafanya kilichowashinda mawaziri. Niliandika kurasa tatu, nikanukuu Azimio lote, zikapita kwa Mganga Mkuu wa Wilaya zikaenda kwa mashirika yote manne. Moja lilijibu: "Tumeipokea."

Nilichokuwa sijakiona ni posho. Aliyejaza rejista ya mradi alipata elfu ishirini kwa mwezi na vocha ya simu. Nilipowaambia manesi kwamba nataka kuzifuta rejista hizo, waliniangalia kama mtu aliyekuja kuwatoa shilingi mfukoni, na kwa kweli ndicho nilichokuwa nafanya.

Nikaanza upya. Niliwaalika maofisa wa miradi waje zahanati siku ya kliniki, si kukagua, waje waandike. Mama Chanjo akatoa huduma, wao wakajaza, kila mmoja rejista yake. Kufika saa nne walikuwa wanagombea kadi moja ya mtoto. Saa sita mama mmoja aliyetoka mbali aliondoka na mwanawe bila kupimwa, akasema anawahi ufuta wake. Hakuna aliyetoa hotuba siku hiyo, lakini wiki iliyofuata mashirika matatu yalikuja ofisini bila kubembelezwa.

Kazi ngumu ikawa umri. Mradi wa lishe ulitaka watoto chini ya miaka miwili, wa vitamini A ulitaka miezi 6 hadi 59, wa tatu ulitaka wote chini ya miaka mitano. Ndiyo maana kila mmoja alidai hawezi kuacha kitabu chake. Tulibishana siku mbili mbele ya ubao, chai ikapoa, mpaka kijana wa takwimu wa shirika moja akauliza kwa nini tusiandike tarehe ya kuzaliwa peke yake, kisha kila mtu akate umri wake kwenye kompyuta. Safu hiyo ilikuwamo kitabuni siku zote. Ila manesi waliandika "miezi 9" na kupita, maana hakuna aliyewahi kuwauliza zaidi. DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya ambao nchi nzima tunautumia tangu 2013, ungepokea jumla kama kawaida. Mashirika yangechukua orodha kutoka kitabuni mara moja kwa robo.

Posho tuliigeuza kikao. Kila robo manesi wote walikuja wilayani na vitabu vyao, wakalipwa nauli na posho mara moja. Mashirika matatu yalibeba robo moja moja, ya nne tukaiingiza kwenye mpango wa halmashauri kupitia mfuko wa pamoja wa afya. Shirika la nne halikukubali kabisa. Mfadhili wake alitaka watoto walioandikwa "wetu". Tulilisubiri mpaka mradi ukaisha.

Sikutegemea kitakachofuata. Robo ya kwanza ya kitabu kimoja, watoto waliofikiwa walishuka karibu theluthi. Mkurugenzi wa halmashauri akaniita.

"Utendaji umeporomoka, na wewe ndiye mratibu."

Nikamwekea mezani rejista za mwaka uliopita, nikapitisha rula kwenye jina moja, mara nne.

"Kwa hiyo mwaka jana mlinidanganya?"

"Hapana, Mkurugenzi. Huyu tulikuhesabia mara nne."

Hakucheka. Alikuwa ameshaipeleka mkoani ripoti ile ya mwaka jana, na niliandika maelezo mara tatu kabla hayajapita. Anayetaka kusafisha takwimu ajiandae kwa hilo kwanza, mimi sikujiandaa.

Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika mawili kati ya yale matatu yalifunga ofisi hapa ndani ya siku chache. Gari na makarani wa takwimu vikaondoka pamoja. Mama Chanjo, aliyebakiza mwaka astaafu, akanipigia.

"Na kitabu nacho kimesimamishwa?"

"Kitabu ni cha serikali, mama."

"Basi nitumie kingine. Hiki kimebaki kurasa sita."

Stoo hakikuwapo. Aliyekuwa akitusaidia kuchapisha ni mmoja wa walioondoka. Nilinunua kauntabuku mbili kwa hela yangu, nikazituma kwa basi la asubuhi. Alizipiga mistari mwenyewe kwa kalamu nyekundu na rula, na safu ya kwanza baada ya jina akaandika: tarehe ya kuzaliwa.