Kabla Hujaipenda Rangi, Fungua Boneti

Mimi ni fundi bodi. Gari lililoagizwa nje likiletwa kwangu, rangi naiacha kwanza. Nafungua boneti, nacheki bolti za fenda: zikiwa zimechubuka pembeni, ujue spana ilishapita hapo, fenda ilishafunguliwa. Kisha nainua zulia la buti. Chuma kikiwa na mikunjo au kiraka cha kuchomelea, basi liligongwa nyuma.

Bampa na taa si kesi. Balaa ni chesisi, yaani fremu inayobeba gari, ikiwa imepinda. Gari linavuta upande mmoja, tairi zinalika ovyo. Na eabegi, ule mfuko wa hewa unaokukinga ajalini, je? Wapo wanaofunika tundu tu, ndani hamna kitu!

Kwa magari ya Japani, dai karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kule mnadani, kabla hujalipa. Daraja R au RA kwa kawaida humaanisha lilipata ajali likatengenezwa. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, mimi hapo naaga.