Vitu gani?

Yule bwana wa Tabata tuliyeachana nilimwandikia kwa heshima zote, hata salamu niliweka: "Habari za siku nyingi. Vitu vyako bado viko kwangu, ukipata nafasi pitia." Asubuhi tiki zikawa za buluu. Jibu limekuja saa nane mchana: "Vitu gani?"

Basi. Hakuna salamu, hakuna jina.

Tangu hapo nalirudia jibu hilo, kila saa kwa sauti nyingine. Naosha vyombo, nalisikia la mtu aliyebanwa na kazi. Nikipanda daladala linakuwa la mtu anayecheka na aliyekaa pembeni yake. Juzi nahesabu vidonge dukani nikalisikia la mtu ambaye kweli hakumbuki. Hilo ndilo lililonikaa kooni, maana mimi navitaja vyote bila kufungua kabati. Kikoi. Chaja iliyofungwa utepe mweusi shingoni. Tikiti mbili za boti ya Unguja, zile karatasi za mashine ambazo wino wake umeshafifia hata tarehe haisomeki. Natunza karatasi nyeupe, jamani! Na jezi ya Yanga.

Jezi ndiyo kesi. Kwetu ni Msimbazi watupu, na baba mnamjua. Siku yule bwana alipokuja kujitambulisha, mzee alimuuliza timu kabla ya kabila. Hakurudi nyuma: "Mzee, Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936. Sasa hapa nani amwamkie nani?" Baba alicheka mpaka akaomba maji. Hadi leo dabi ikiisha ananiuliza, "Yule mwenzangu wa Jangwani hajambo?" Namjibu hajambo. Nitamwambiaje?

Sasa jana usiku mama kapiga simu. Hana salamu naye, siku hizi salamu zimekuwa ghali. "Hotipoti yangu kubwa iko wapi? Ile ya maua."

Nikanyamaza. Iko Tabata. Niliipeleka na pilau ya Iddi, ikabaki. Na mwavuli wangu uko huko huko, na ule ungo mdogo alioniletea bibi. Nilicheka peke yangu kitandani mpaka jirani akagonga ukuta. Kumbe naye ana kabati lake! Labda aliposoma "vitu" alitazama kwanza rafu ya jikoni kwake, akashindwa kujua nazungumzia vya nani. Au labda mwenzenu najifariji, na hotipoti ya mama inampakulia wali mtu mwingine saa hii. Potelea mbali, hiyo hasira ilinipa usingizi kuliko huzuni ya wiki nzima.

Asubuhi nikamjibu: "Hotipoti ya mama, yenye maua. Jumamosi." Tiki mbili, za kijivu bado. Jezi nimeifua, nimeianika ndani.

Kinachonikosesha raha sasa ni kingine kabisa. Jioni kijana wa mwenye nyumba amekuja na futi kamba, akapima ukuta wa nyuma na ule upande wa choo, akaandika kwenye simu. Nimemkaribisha chai, hakutaka. Kodi yangu inaisha Desemba na mkataba mpya sijauona. Anayejua bei ya vyumba vya Kinyerezi aniambie, tafadhali, na kama maji yanatoka.