Uraka umeshika nafasi ya kwanza, msininunie

Jumamosi tulikutana uani kwa jamaa, Shangani hapa Mtwara, kila mtu na kinywaji cha kwao. Sharti moja: bia za kiwandani zisiguswe mpaka za asili ziishe.

Uraka wa Newala ndio ulionikalisha kitini. Msimu wa korosho ndio huu, mabibo, yale matunda ya mkorosho, yamejaa. Yanakamuliwa, maji yanalala usiku mmoja na kuumuka yenyewe bila hamira. Harufu kali, utamu kidogo, kisha ule ukakasi unaokausha ulimi kama umeng'ata ndizi mbichi. Naupenda ukiwa mchanga, maana ukikaa sana unageuka siki. Mama aliyeuleta aliniona najaza glasi ya pili: "Mwanangu, huo unapanda polepole. Kaa chini kwanza." Nikakaa.

Tembo la mnazi kutoka Mikindani lilikuwa tamu asubuhi, jioni jagi lilelile limeshakuwa chachu. Wa kuchelewa walikosa.

Mbege alipika mwalimu mmoja Mchaga, ndizi za soko la hapa, ulezi, na msesewe, magome ya mti ya kutia uchungu, ulioletwa kwa basi. Nzito, chungu kwa mbali, inashibisha kweli. Namba mbili kwangu. Wa Iringa walikuja mikono mitupu: ulanzi, pombe ya mianzi, unasubiri mvua, mianzi haigemwi kiangazi.

Kuna aliyeulizia gongo, ile pombe kali ya kienyeji, mwenye nyumba akamkatisha palepale. Ni marufuku, na hataki polisi uani kwake.

Bia? Kreti imebaki karibu nzima. Watu wa Tandahimba, safari ijayo leteni uraka wenu tulinganishe.