Muujiza, ajizi na ajuza

Hii ilikuwa Tanga, Ngamiani, mwaka 1996, mi nipo darasa la tano. Bibi alikuwa na redio ya mbao juu ya kabati, imekufa tangu masika, fundi kashaifungua mara mbili akairudisha na skrubu pungufu, ila waya bado umechomekwa ukutani maana Bibi hakati tamaa. Sasa siku hiyo tumetoka kuswali magharibi tunasubiri chai, ghafla khrrr, alafu taarabu hiyoo, na hakuna aliyeigusa!

Mjomba akasema mazingaombwe, jirani kashaanza kunong'ona habari za majini, Bibi kashika kifua, "Muujiza huu!"

Maalim wetu wa chuoni alikuwa barazani, akaingia. Watu wanajiuliza redio imewakaje, yeye akaanza na neno, yani huyo mzee ukimpa neno la Kiarabu usiku umekwisha. Akasema asili yake ni mu'jiza, mzizi a-j-z, kushindwa, kukosa uwezo, kwa hiyo sio kitu cha ajabu tu, ajabu ni neno lingine kabisa, hili ni jambo linalokushinda mpaka akili inanyoosha mikono. Siye tukaichukua hiyo mu- ya mbele tukaifanya kama ya mti na mto, ndo tukapata miujiza, wakati Waarabu wingi wao ni mu'jizaat. Alafu akatuuliza, ajizi hamuijui? Ile nyumba ya njaa? Basi hao ni ndugu, baba mmoja. Mi mdomo wazi, sikuwahi kufikiria uvivu na miujiza vinalala chumba kimoja, na mpaka leo sijapata somo la lugha lililoniingia kama lile.

Angeishia hapo ingekuwa salama. Akaongeza, "Na ajuza pia yumo humo, mwanamke aliyekwisha nguvu..."

Bibi akaweka birika chini. "Ajuza nani, Maalim?"

"Aa, Bibi, nasema lugha tu."

Redio nayo papo hapo ikakata, kimyaa. Bibi akamwonyesha kwa kidevu. Maalim akainuka, akazungusha swichi, akachomoa waya akachomeka, akaipiga kofi ubavuni kama alivyokuwa anafanya fundi, wapi! Vumbi lote kwenye kanzu. Mjomba kageukia ukutani asionekane anacheka.

"Haya," Bibi anamimina chai, kikombe cha Maalim kakiruka, "ajizi tushampata."