Safari ya Mwisho ya Lady Be Good

Hapa Moshi, ambako vijana walioondoka na keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kwenda kupigana Burma hawakurudi wote, naelewa uzito wa familia kutojua mtu wao amelala wapi. Ndiyo maana nimeifuatilia kwa makini habari ya Lady Be Good, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu. Tarehe 4 Aprili 1943 iliruka kutoka Soluch, Libya, kwenda kushambulia Naples, lakini iliporudi usiku iliupita uwanja wake bila kuuona, ikazidi kwenda kusini hadi mafuta yakakaribia kwisha, na watu wake tisa wakaruka kwa miavuli juu ya jangwa.

Watafutaji wa mafuta waliyaona mabaki yake kutoka angani mwaka 1958. Ndani mlikuwa bado na maji, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa kuwa wanane waliofanikiwa kukutana walitembea kuelekea kaskazini wakigawana maji ya chupa moja isiyojaa, ilhali ndege ilikuwa imeanguka kusini kwao, umbali wa kilomita zipatazo 26. Shajara ya rubani msaidizi, Robert Toner, inaishia tarehe 12 Aprili. Miili minane ilipatikana mwaka 1960. Wa Vernon Moore haukupatikana.