Mlinzi Aliyezoea

Wapendwa katika Bwana, juma hili nimelala vibaya. Jumatatu nilipimwa presha, ingawa nilikuwa nimekwenda kwa shida nyingine ndogo, na mashine ikasoma 168 kwa 102. Muuguzi akaufungua ule mkanda, akaufunga tena mkononi, akapima mara ya pili na ya tatu, tarakimu zikabaki palepale. Kilichonitisha zaidi ni kwamba sikuwa nimehisi lolote: kichwa hakikuuma, macho hayakuingia giza, na mlangoni nilikuwa nimetaniana na watu. Usiku ule nililala chali nikiusikiliza moyo wangu ukigonga sikioni, nikavuta na kutoa pumzi kwa kuhesabu, kana kwamba nikiacha kuhesabu kazi yenyewe ingesimama.

Usingizi uliponikataa nilisoma kwenye simu habari za panya. Msicheke. Mhubiri alikwisha kutuambia kwamba mwanadamu na mnyama wana pumzi moja, na mengi tunayojua juu ya shina la ubongo, ile sehemu nyembamba inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo, yamejulikana kwa kumchunguza panya. Moyo wa panya aliyetulia hupiga kati ya mara 300 na 400 kwa dakika, lakini presha yake haiko mbali na ya mtu mwenye afya.

Mwaka 1991 wanasayansi Jeffrey Smith, Jack Feldman na wenzao walikata kipande cha shina la ubongo la panya aliyezaliwa karibuni, chenye unene usiofika milimita moja, wakakiweka katika maji ya chumvi yaliyotiwa oksijeni. Hapakuwa na pua, pafu wala kifua. Hata hivyo neva iendayo kwenye ulimi, ambayo mzizi wake ulibaki umeshikamana na kipande hicho, iliendelea kutoa mapigo kwa mdundo uleule wa kuvuta pumzi. Eneo linaloanzisha mdundo huo huitwa pre-Bötzinger, kwa kuwa limepakana na eneo la Bötzinger, ambalo nalo, niseme kando, lilipewa jina la divai ya Kijerumani iliyokuwa mezani wataalamu walipokutana. Mwaka 2005 kundi la Feldman likaonyesha kwamba seli za eneo hilo zikiharibiwa kwa panya aliyekomaa, shida huanzia usingizini: akiwa macho anapumua vema, akizama katika usingizi wa ndoto pumzi inakatika, na baada ya siku kadhaa shida inamfuata hata akiwa macho. Zaburi ya 121, ile ya Mlinzi asiyesinzia wala kulala, naijua tangu utotoni, lakini sikuwa nimewahi kuisoma nikiwa nimeweka mkono kifuani.

Eneo hilohilo ndilo linalotufanya tushushe pumzi. Nilidhani mtu hushusha pumzi kwa huzuni au kwa uchovu tu, kumbe sote tunashusha pumzi kila baada ya dakika chache bila kujua, na panya hufanya hivyo mara nyingi zaidi, kwa sababu vifuko vidogo vya hewa mapafuni hujikunja na kushikamana, na pumzi moja ndefu huvifungua tena.

Lakini nilikuwa natafuta habari za presha, na hapo ndipo niliposhikwa. Pale mshipa mkuu wa shingo unapogawanyika, na katika upinde wa aota, ule mshipa mkubwa utokao moyoni, kuna miisho ya neva inayonyooshwa kila damu inaposukuma ukuta wa mshipa. Habari hiyo hupanda hadi medula, sehemu ya chini ya shina la ubongo, kwenye kituo cha mapokezi kilicho upande wa nyuma. Upande wa mbele wa medula kuna seli nyingine ambazo amri zake hushuka kupitia uti wa mgongo na kuifanya mishipa ya mwili ijikaze. Kwa panya, seli hizo zikinyamazishwa, presha huporomoka. Basi presha inapopanda, kituo cha mapokezi hupeleka neno la kuzituliza seli hizo, na wakati huohuo huuambia moyo upunguze mwendo. Mwaka 1973 watafiti Doba na Reis waliharibu kituo hicho cha mapokezi kwa panya, pande zote mbili, na presha ikapaa mpaka panya wakafa katika muda wa saa chache. Kwa hiyo tunaye mlinzi ndani yetu, naye hufanya kazi kwa kila pigo la moyo.

Mbona basi mlinzi wangu alinyamaza? Jibu nililikuta katika kazi ya Eduardo Krieger, mwanasayansi wa Brazili, ya mwaka 1970. Ukimbana panya aota ili presha yake ipande, neva ya mlinzi mwanzoni hupiga kelele kwa nguvu. Saa zikipita, kelele hupungua, ilhali presha haijashuka. Baada ya siku mbili hivi neva imetulia kabisa, kwa maana mlinzi ameihamisha alama yake: kile alichokiita hatari juzi, leo anakiita kawaida. Na lililo baya zaidi ni kwamba sasa anakilinda. Ukijaribu kuishusha presha irudi mahali pake pa zamani, yeye huona inaanguka, na huagiza ipandishwe.

Ndugu zangu, niliifunga simu nikakaa gizani. Siku mbili tu! Na sisi tumeishi na mambo yetu kwa miaka mingapi? Mtume alionya juu ya dhamiri zilizochomwa moto, nasi husoma onyo hilo tukiwawazia walimu wa uongo, kumbe dhamiri haihitaji moto ili inyamaze. Inatosha kuibana kidogo na kuiacha imebanwa. Mtu husema uongo wake wa kwanza kazini akitetemeka, na wa kumi anausema huku akitafuta kalamu. Mzee wa kanisa humkaripia mkewe mbele ya watoto, usiku ule asilale, na baada ya mwaka ndiyo sauti yake ya kila siku, na yeyote atakayemwambia ashushe sauti ataonekana amemvunjia heshima. Tuna amani, tunasema. Chunguzeni, wapendwa, kama ni amani ya Kristo au ni neva iliyochoka kulia.

Na hapa niwakemee wengine, nami nikiwa wa kwanza kukemewa. Wapo kati yetu wanaoacha dawa za presha kwa sababu wamejisikia vizuri, kisha wanasimama kushuhudia kwamba wameponywa. Bwana huponya, na sitamzuia mtu kumshukuru. Lakini kujisikia vizuri ndiyo hali niliyokuwa nayo Jumatatu, nikiwa na 168. Presha ikishushwa na kushikiliwa chini kwa muda, mlinzi naye hurudi polepole kwenye alama ya zamani, naye anayeacha dawa katikati hampi mlinzi huyo nafasi. Kameze vidonge vyako, na uombe wakati unavimeza.

Nimesema nami nakemewa. Mdogo wangu hakuja mama alipokuwa mgonjwa, nami nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Jumapili ya kwanza baada ya hapo sikuweza kuitamka Sala ya Bwana hadi mwisho; nilipofika kwenye deni na wadeni koo lilikaza, nikafumba mdomo, nikasubiri wenzangu wapite. Jumapili ya pili nililipita neno hilo kwa kunong'ona. Sikumbuki ya tatu ilikuwaje, na huko kutokukumbuka ndiko kunakoniogopesha, kwa sababu yapata miaka mitatu sasa nimeiongoza sala hiyo mbele yenu kwa sauti kubwa na safi, na hakuna kilichonikaba.

Alhamisi jioni nilimpigia. Nilikuwa nimeandika maneno ya kusema kwenye karatasi, nikayasoma mawili au matatu, karatasi ikawa haina kazi tena. Nikamwambia tu, "Mdogo wangu, nilikukosea, na nimekaa nalo mpaka nikalizoea." Hakujibu. Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, kelele za watoto zikabaki mbali, kisha nikamsikia akishusha pumzi ndefu, ndefu mno, ndipo akaniuliza, "Kaka, umeshakula?"