Anaanza Nani?

Mjomba alikuwa na kaunta buku moja lenye jalada jekundu, kona zake zimechakaa kwa kushikwashikwa. Alilinunua kwa ajili ya mahesabu ya teksi, lakini ilipofika Agosti 2015 mahesabu yalihamia kwenye bahasha, daftari likawa la kambi ya Ohio State, timu ya mpira wa Kimarekani. Kila asubuhi akirudi kazini alilikunjua gazeti la Columbus Dispatch mezani, akasoma habari za mazoezi neno kwa neno, kisha akaandika kwa kalamu ya bluu: tarehe, nani kaumia, nani karudi, dogo gani kabanduliwa utepe mweusi. Utepe huo hubandikwa kwenye helmeti ya kila mchezaji mgeni, na hautoki mpaka makocha waridhike kwamba sasa ni mwenzao. Ukurasa wa kulia aliugawa kwa rula sehemu mbili. Juu ya sehemu moja aliandika Jones, juu ya nyingine Barrett.

Mimi nilifika Columbus, mji wa timu hiyo huko Marekani, Agosti ya mwaka uliotangulia, nikitokea Tanga, wiki ileile ambayo Braxton Miller, kwotabeki wao, aliumia bega mazoezini. Niliukuta mji umenuna. Watu dukani, watu kituo cha basi, wote wanaongelea bega la mtu mmoja, nami sielewi. Mjomba ndiye aliyenifundisha. Alinieleza kwamba huu mpira wao kila shambulio linaanzia mikononi mwa kwotabeki: yeye ndiye anayepokea, anayeamua kutupa au kugawa au kukimbia mwenyewe, na ana sekunde tatu tu za kuamua kabla hajafikiwa na majitu yanayotaka kumlaza chini. Kwotabeki akiwa mbovu, timu nzima ni mbovu. "Ni kama kipa," aliniambia, "hakai wa pili. Anakaa mmoja, mwingine anangoja."

Nilimwelewa hapo, maana tumekulia katika ubishi wa namna hiyo. Mjomba ni mtu wa Coastal Union damu damu, aliwaona wakichukua ubingwa wa 1988 kabla hajaondoka nyumbani, na mapenzi yale aliyahamishia Ohio bila kuyapunguza. Hii ni timu ya chuo kikuu, vijana wanafunzi, lakini uwanja wao unapita watu laki moja. Tarehe 18 Aprili 2015 walikuja watu 99,391 kutazama timu ikicheza yenyewe kwa yenyewe, mechi ya mazoezi tu, na mimi na Mjomba tulikuwamo. Upande mmoja wa uwanja ukipiga kelele "O-H!" na mwingine ukajibu "I-O!" nilihisi benchi la chuma linatetemeka chini yangu.

Mkasa wenyewe wa makwotabeki ulikuwa hivi. Miller alipoumia, akaingia J.T. Barrett, kijana wa Texas ambaye hakuwahi kuanza mechi ya chuo. Mechi ya pili tu wakafungwa nyumbani na Virginia Tech, 35 kwa 21, na watu wakasema mwaka umekwisha. Haukwisha. Barrett hakupoteza tena. Mpaka Novemba 29, dhidi ya Michigan, mahasimu wakubwa, alipovunjika kifundo cha mguu robo ya nne ndiyo kwanza inaanza. Akaingia wa tatu kwenye foleni, Cardale Jones wa Cleveland, pande la mtu, mkono wake unatupa mpira kama kombeo. Mechi yake ya kwanza kuanza ilikuwa fainali ya ligi ya Big Ten: Wisconsin akapigwa 59 kwa sifuri. Ya pili Alabama, 42 kwa 35. Ya tatu, Januari 12, 2015, Oregon, 42 kwa 20, na Ohio State wakawa mabingwa wa nchi. Mechi tatu, vikombe mkononi.

Miller mwenyewe alipopona alihamia nafasi ya kudaka mipira. Wakabaki wawili, wote wazima, kiti kimoja. Na kocha, Urban Meyer, hakusema.

Jumapili moja ya katikati ya Agosti tulikuwa sebuleni kwa Mjomba, kaskazini mwa mji. Anti alikuwa anakaanga bajia za kunde. Binamu yangu alikuwa amerudi kutoka chuoni, anasoma hapohapo Ohio State, na jirani yetu, Mkongo wa Bukavu mwenye saluni ya kunyoa, alikuwa amepitia na watoto wake. Mjomba kafungua kaunta buku juu ya meza ya kahawa.

"Baba, anayeanza ni yule aliyeleta kombe," binamu alisema. "Hapo kuna mjadala gani?"

"Kombe kalileta nani? Mechi kumi na mbili za msimu, Barrett kashinda kumi na moja. Tachidauni arobaini na tano, za mkono na za miguu, rekodi ya Big Ten hiyo, na ndiyo mara yake ya kwanza kucheza! Jones kakuta jungu limeiva, yeye kapakua tu." Tachidauni ndiyo bao lao, kuufikisha mpira mwisho wa uwanja upande wa mpinzani.

"Kupakua mbele ya Alabama nako ni kazi, Baba."

"Mechi ya kwanza wanakwenda kwa nani? Virginia Tech. Walewale waliomfunga. Basi mwacheni mtoto akalipe deni lake mwenyewe."

Jirani alisema sote tunajisumbua, maana milango ya mazoezi imefungwa, kocha anaona uwanja sisi tunaona gazeti. Kweli kabisa, lakini hiyo kweli haijawahi kumnyamazisha shabiki popote. Anti naye akapaza sauti kutoka jikoni: "Yule aliyekataa kwenda kwenye hela akarudi kumaliza shule, huyo ndiye mumpe!" Alikuwa anamsema Jones, ambaye Januari ile angeweza kwenda ligi ya kulipwa na akaamua kubaki.

Mimi nilikuwa upande wa Jones. Nilikuwa nimeziona mechi zake tatu, usiku wa Oregon nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na nilitaka kuonyesha kwamba mpira wao nimeuelewa. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayefunga kesi:

"Mjomba, aliyeumia kaumia. Timu haimngojei mtu. Mwenzake kapewa kiti, kakimudu, basi kiti ni chake."

Binamu alikuwa anacheka, akaacha. Mjomba alinitazama kidogo. Kisha akaweka kalamu katikati ya daftari, akalifunga taratibu, akasema, "Haya." Alinyanyuka na kikombe chake cha chai, akaenda kusimama nje kwenye maegesho, mgongo umetuelekea. Jirani akaanza kuwaambia watoto wavae viatu.

Sikujua nimefanya nini. Nilimfuata Anti jikoni. Alikuwa ameinamia karai, anaopoa bajia moja moja kwa kijiko cha matundu, anaziacha zichuje mafuta, hanitazami.

"Hukuambiwa," alisema. "Wewe ulikuwa hujaja."

Akanieleza. Kabla ya teksi Mjomba alikuwa dereva wa foklifti kwenye ghala moja, miaka minane, hajakosa zamu. Siku moja mzigo uliteleza kutoka juu ukampata mguuni, mfupa wa muundi ukavunjika mara mbili. Alikaa nyumbani na plasta miezi mitatu. Mashine akapewa kijana mmoja ambaye Mjomba ndiye aliyemfundisha kuiendesha, kuanzia kuwasha mpaka kurudi nyuma kwenye njia nyembamba. Alipopona akarudi na karatasi ya daktari. Wakamwambia kijana anafanya vizuri, hatuwezi kumtoa, wewe nenda meza ya maboksi. Akafunga maboksi kwa gundi ya karatasi miezi miwili, huku anaisikia foklifti yake inapita nyuma yake. Kisha akaacha.

"Hajawahi kumlaumu yule kijana," Anti alisema. "Husema kijana hana kosa, kaambiwa kaa, kakaa. Ila husema, walau wangenipa siku moja nipande tena waone."

Walau siku moja. Maneno hayo nilikwenda nayo zamu ya usiku, na hayakuniachia nafasi ya kuwaza kitu kingine. Nikakumbuka kila alichokiandika chini ya jina la Barrett: leo kakimbia bila kuchechemea, leo kavaa vifaa kamili, leo kapokea mipira na kikosi cha kwanza. Nilikuwa nimezisoma sentensi zile kama habari za mpira.

Asubuhi nilimkuta mezani, ametoka kazini, gazeti bado limekunjwa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mjomba." Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja.

"Jana nilisema vibaya. Naomba unisamehe."

Alinyamaza, akapangusa miwani kwa upindo wa shati. Halafu akanisogezea kaunta buku na kalamu. "Macho yangu yamechoka. Mimi nasoma, wewe andika."

Tangu siku ile mpaka kambi inafungwa, mimi ndiye niliyekuwa naandika. Alinisomea kwa Kiingereza, mimi naandika kwa Kiswahili, safu zote mbili, na hakuniruhusu niandike moja kwa urefu kuliko nyingine. Siku orodha ya kikosi ilipotoka kabla ya mechi ya kwanza, kwenye nafasi ya kwotabeki yalikuwa majina mawili na katikati yao neno moja: au. Jones au Barrett. Mjomba alilisoma mara mbili. "Bado," alisema.

Kwa maoni yangu kocha alikosea kulivuta jambo lile. Vijana wawili walilala na swali moja kichwani tangu Januari hadi Septemba, na hata baada ya hapo halikuisha: Jones alianza mechi, akatolewa, akarudi, mpaka Oktoba kiti akapewa Barrett walipokwenda kwa Rutgers, na timu iliyopigiwa kura na kila mwandishi kuwa ya kwanza kabla ya msimu haikufika hata fainali ya ligi yake, ilifungwa na Michigan State 17 kwa 14 kwa teke la mwisho. Ubishi ule wa sebuleni ulikuwa na haki ya kutokuisha. Jones alistahili kuanza mechi ya Virginia Tech, hilo bado naliamini. Barrett naye alistahili kupanda tena aonekane.

Mechi ilikuwa Jumatatu usiku, Septemba 7, sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, kule Blacksburg. Mjomba alibadilishana zamu ili aanze kazi usiku wa manane. Tulikaa palepale, jirani na wanawe, binamu, Anti na sinia la bajia. Wakati wa mpira kuanza hakuna aliyekula. Kamera ikaonyesha wachezaji wakiingia, wote tunatafuta namba mgongoni, kumi na mbili au kumi na sita. Ikawa kumi na mbili. Jones.

Binamu alirusha mikono juu, kisha akaishusha haraka, akamtazama baba yake. Mjomba akapiga makofi, matatu, mazito. "Haya, mtoto wa Cleveland," akasema. "Cheza."

Hadi mapumziko Virginia Tech walikuwa mbele, 17 kwa 14. Robo ya tatu ndiyo niliyoikumbuka miaka yote. Miller, yule wa bega, alidaka pasi ya Jones akaenda nayo mpaka mwisho. Baadaye akakimbia mwenyewe yadi 53, katikati akazunguka kama pia mbele ya mabeki wawili wakabaki wanashika hewa, na Mjomba alisimama akazunguka naye pale kwenye zulia, bila kujua. Halafu katika robo hiyohiyo kwotabeki wa Virginia Tech, Michael Brewer, aliangukiwa. Alibaki chini. Alipoinuka alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto karibu na kifua.

Binamu alikuwa bado anashangilia. Mjomba alichukua rimoti akapunguza sauti. Tukamtazama yule kijana anatolewa, na mwingine anavaa helmeti, anatupa mipira miwili mitatu pembeni ya uwanja kujipasha mkono.

Robo ya nne, mechi ikiwa imekwishaamuliwa, Barrett aliingia. Namba kumi na sita, kwa miguu yake miwili. Alirusha pasi kwa Michael Thomas, tachidauni. Mjomba hakupiga kelele. Alikaa mbele kabisa ya kochi, viganja vimebana magoti, anatikisa kichwa polepole juu na chini. Ikaisha 42 kwa 24. Akaniambia niandike, nikaandika.

Kisha akavaa koti, akatafuta funguo za gari, akafika mlangoni akarudi.

"Yule wa Virginia Tech, wamesema kaumia wapi?"

"Mtulinga, Mjomba. Umevunjika."

"Mtulinga unaunga," alisema, akatoka kwenda kazini.